Matango ya Kitalu Nyumba Unguja na Pemba: Masika, Kipupwe au Kaskazi, na Nitrojeni Ipi kwa Kila Msimu

Mkulima aliyekwisha kusimamisha kitalu nyumba, plastiki ikiwa bado inang'aa na mipira ya matone imeshalazwa juu ya matuta, huwa na maswali mawili yasiyompa usingizi: apande mwezi gani, na anunue mbolea gani ya nitrojeni. Mara nyingi maswali haya huulizwa mbali mbali. La kwanza huulizwa dalali sokoni, na la pili huulizwa muuza duka la pembejeo. Katika ulinganisho huu nimeyaweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu mtango hauli nitrojeni kwa kiasi kilichoandikwa kwenye polo la mbolea, bali hula kwa kiasi ambacho jua, joto na maji ya siku ile vinauruhusu kukua. Aliyekwisha kuchagua msimu, nusu ya mbolea yake ameshaichagua pia.

Vipeperushi vingi vya matango ya kitalu nyumba vimeandikiwa nchi za baridi, ambako kubadilika kwa msimu ni kubadilika kwa urefu wa mchana. Kwetu sivyo. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa Ikweta na Pemba karibu nyuzi 5, na mchana mrefu kuliko yote katika mwaka hauuzidi ule mfupi kuliko yote hata kwa saa moja. Kinachogeuka hapa ni mawingu, fukuto, unyevunyevu na upepo. Kwa hiyo ratiba ya mbolea iliyopangwa kwa majira ya kuchipua na majira ya kupukutika majani haiwezi kuhamishwa kama ilivyo ikaletwa Dole ya Unguja au Konde ya Pemba.

Vigezo vya kulinganisha

Kila msimu nimeupima kwa mambo matano. La kwanza ni ukuaji wenyewe: mbegu inaota kwa siku ngapi, tango la kwanza linachumwa lini, na mmea unadumu muda gani ukizaa. La pili ni maradhi na wadudu. La tatu ni hamu ya nitrojeni, yaani mmea unahitaji kiasi gani kwa siku na kinachozidi kinakwenda wapi. La nne ni maji, kwa wingi wake na kwa chumvi yake. La tano ni soko, kwa kuwa tango halihifadhiki kama karafuu. Likishachumwa linataka mnunuzi ndani ya siku chache.

Aina za nitrojeni nazo nimezipima kwa nguvu yake kwa kilo, kasi yake, namna inavyopotea, na udongo unaoifaa. Nimechukulia mbegu za aina zinazozaa bila kuchavushwa, ambazo ndizo zinazofaa ndani ya nyavu zisizopitisha nyuki.

Kupanda ili kuzaa wakati wa masika

Anayesia mbegu mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi atakuwa anachuma Aprili na Mei, wakati mvua imekaza. Kuota si tatizo, kwa sababu joto bado lipo na mbegu hutoka kwenye trei kwa siku tatu hadi tano. Tatizo huanza mawingu yanapofunga siku nne au tano mfululizo. Mmea hurefuka haraka, vifundo vya shina huachana, jani huwa pana na laini, na matunda machanga huanza kugeuka manjano na kukauka kabla hayajafika urefu wa kidole, kwa sababu mwanga hautoshi kuyalisha yote.

Maradhi ndiyo hofu kubwa ya msimu huu, hasa ubwiri unyoya. Nitaeleza tuliyoyaona wenyewe, kwa sababu yamenifunza kuliko kitabu chochote. Masika mmoja tuliendelea kuilisha mitango yetu urea kila baada ya siku tatu, kwa kipimo kile kile tulichokitumia Januari. Wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, kitalu kilipendeza mno: majani mapana kama sahani, kijani cha kiza, na kila aliyepita alisimama kuyatazama. Tulifurahi. Asubuhi moja, saa 1, nikiwa nafungua pazia la pembeni, niliona juu ya jani madoa ya manjano yenye pembe, kila doa limekomea kwenye mshipa wa jani kana kwamba limepimwa kwa rula. Nililigeuza jani; upande wa chini, pale pale penye madoa, palikuwa na unyoya wa rangi ya kijivu inayoelekea zambarau, bado una umande. Ndani ya siku kumi majani ya chini yote yalikuwa yamekauka, na tulichokiokoa ni matenga machache. Unyevunyevu ndio ulioleta ubwiri, lakini lile jani laini lililojaa nitrojeni isiyokuwa na kazi ndilo lililoukaribisha.

Hapo ndipo lilipo jambo la kushika kuhusu hamu ya nitrojeni wakati wa masika. Mmea unaopata jua hafifu hutengeneza sukari kidogo, na bila sukari hauwezi kuigeuza nitrojeni kuwa mwili na matunda; hurundikana ndani ya majani na kuyalainisha. Zaidi ya hayo, mtango hunywa maji kidogo siku ya mawingu, pengine lita moja au pungufu kwa mmea mkubwa, kwa hiyo anayeendelea kumwaga maji mengi ili kupitisha mbolea huwa anaisukuma nitrojeni chini ya mizizi, hasa kwenye ardhi ya kichanga. Kupunguza jumla ya nitrojeni kwa theluthi moja na kuipa potasiamu nafasi kubwa zaidi ndiyo kanuni tunayoifuata sasa.

Maji hayana shida msimu huu. Ni mengi, na anayekinga mvua kutoka kwenye paa la plastiki hupata maji yasiyo na chumvi ambayo atayahitaji baadaye.

Soko la masika lina sura mbili. Bustani za nje huharibika kwa maji na maradhi, kwa hiyo tango zuri katika masoko ya mjini ya Darajani au Mwanakwerekwe hupata bei. Upande wa pili, Aprili na Mei hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje huwa na wageni wachache, na nyingine hufunga kabisa kwa matengenezo. Msimu huu unamfaa mkulima mzoefu anayeuza mjini, mwenye kitalu kirefu cha kwenda juu kinachopitisha hewa vizuri, na mwenye subira ya kukagua majani kila siku. Haumfai anayejaribu kwa mara ya kwanza.

Kupanda ili kuzaa wakati wa kipupwe

Mbegu inayosiwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni hukuta hali ya hewa ambayo mtango ungeichagua wenyewe kama ungeulizwa. Mmea huu hupenda mchana wa nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi na usiku usioshuka sana chini ya 18, na visiwa vyetu kuanzia Juni hadi Septemba vina usiku wa nyuzi 21 au 22 na mchana usiozidi 30 nje ya kitalu. Tango la kwanza huchelewa kidogo kuliko wakati wa joto, kiasi cha siku 45 hadi 50 tangu kusia, lakini mmea hudumu ukizaa kwa wiki nyingi zaidi, vifundo vinakaribiana, na matunda hunyooka.

Maradhi hupungua, ingawa hayaishi. Ubwiri unga, ule unaoonekana kama unga wa muhogo ulionyunyizwa juu ya jani, hupenda hewa kavu ya msimu huu, na hujitokeza kwanza kwenye majani ya chini yaliyobanana. Mvua za mchoo zikipita Julai au Agosti hazileti madhara makubwa. Adui wa kipupwe ambaye watu humsahau ni upepo wa kusi. Plastiki iliyofungwa ovyo hupasuka upande wa kusini-mashariki, na aliye karibu na pwani hupata pia ukungu wa maji ya bahari unaoacha chumvi kwenye nyavu na majani. Safu ya migomba au mikesha upande huo hupunguza athari hiyo.

Hamu ya nitrojeni hapa ni ya kutulia na ya muda mrefu. Jua lipo, mmea unafanya kazi kila siku, na kipimo kilichopangwa vizuri mwanzoni hakihitaji kugeuzwa geuzwa. Ndiyo maana nampendekezea mtu anayejifunza aanzie hapa, kwani ataweza kuona athari ya mbolea yake bila kuchanganyikiwa na mawingu au fukuto.

Maji ya kutosha ni lita moja na nusu hadi mbili kwa mmea mkubwa kwa siku, na visima bado vina nguvu ya masika.

Kasoro ya kipupwe iko sokoni. Hali inayokufaa wewe inamfaa pia kila mwenye bustani ya nje, na kuanzia Julai matango huwa mengi, kutoka mashambani kwetu na pia yanayovushwa kutoka Bara. Bei ya mnadani hushuka. Anayeponyoka ni yule mwenye makubaliano na hoteli, kwa sababu Julai hadi Septemba ni miezi ya wageni, na hoteli hutaka tango lililonyooka, la ukubwa mmoja, kila wiki bila kukosa. Mkulima wa Pemba anayetegemea kuvusha mzigo hadi Unguja akumbuke pia kwamba bahari ya kusi huchafuka, na tenga lililochelewa siku mbili bandarini Mkoani au Wete hufika limeshasinyaa.

Kupanda ili kuzaa wakati wa kaskazi

Anayesia Novemba mwishoni au Desemba huzaa kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Machi, katika miezi ya joto kali. Nje ya kitalu mchana hufika nyuzi 32 au 33, na ndani ya plastiki isiyopitisha hewa vizuri, saa 7 mchana, kipimajoto huweza kupita 40. Ukuaji ni wa kasi ya ajabu: tango la kwanza huchumwa kwa siku 38 hadi 42, na huenda ukalazimika kuchuma kila siku ili yasizeeke kwenye mti. Lakini mmea unaokimbia hivyo huchoka mapema. Joto likipita 35 kwa saa nyingi, maua hudondoka, matunda hupinda kama mundu, na mmea uliokosa maji hata siku moja hutoa matango machungu upande wa kikonyo.

Wadudu huchukua nafasi ya ukungu. Nzi weupe, vithiripi na utitiri huongezeka kwa kasi katika joto na ukavu, na nitrojeni iliyozidi huwanenepesha hao wote, pamoja na vidukari, kwa sababu utomvu wa mmea huwa na chakula wanachokitaka. Tundu moja kwenye wavu linatosha.

Kuhusu nitrojeni, hapa ndipo wengi wanapokosea kwa nia njema. Wanaona mmea unakua haraka, wanaamua kukoleza mbolea. Ni kweli kwamba mmea unahitaji jumla kubwa zaidi, lakini unahitaji iliyozimuliwa zaidi. Mtango wa kaskazi hunywa lita mbili hadi tatu kwa siku; ukiyakoleza maji hayo, maji huvukizwa na chumvi ya mbolea hubaki kwenye udongo, na baada ya wiki tatu kingo za majani huungua kana kwamba zimepitishwa motoni. Kugawa mbolea ile ile mara mbili au tatu kwa siku, asubuhi mapema na alasiri, ndani ya maji mengi, humpa mkulima mavuno ambayo mbolea iliyokolezwa mara moja kwa wiki haiwezi kumpa.

Jambo la maji linastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko yote msimu huu. Visima vya ukanda wa maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, na vile vya karibu na pwani hupanda chumvi kadiri kiangazi kinavyoendelea, na mtango ni mmea usiovumilia chumvi. Mavuno yake huanza kupungua chumvi ya udongo inapovuka kipimo cha desisimensi 2.5 kwa mita, na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hapo huondoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mavuno. Mbolea nayo ni chumvi. Anayemwagia maji ambayo tayari yana ladha ya chumvi hana nafasi kubwa iliyobaki ya kuongeza urea au nyingine yoyote.

Soko la kaskazi ni zuri kwa hoteli, kwa kuwa Desemba hadi Februari wageni ni wengi, na bustani nyingi za nje zimekauka. Msimu huu unamfaa mwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) ya uhakika, wavu wa kivuli wa kupunguza jua la saa 5 hadi saa 9, na mtu wa kushinda shambani.

Kuhusu vuli, ambayo huzaa Oktoba hadi Desemba, sitakaa sana. Iko katikati ya kipupwe na kaskazi kwa kila kigezo. Mvua zake huja na kuondoka, na aliyeuelewa uendeshaji wa misimu mitatu iliyotangulia ataipunguzia mbolea siku za mawingu na kuizimua siku za jua bila kuhitaji ratiba ya peke yake.

Hesabu kabla ya kwenda dukani

Tuchukue kitalu cha mita 8 kwa 15, chenye mitango 240, na tutarajie kilo 4 kwa kila mmea, yaani karibu tani moja. Kila tani ya matango, pamoja na majani na mashina yake, huchukua takriban kilo 2 hadi 3 za nitrojeni. Kwa kuwa si yote inayotolewa hufika kwenye mizizi, tuweke kilo 4.5 kwa msimu mzima wa kipupwe, na kilo 3 kwa masika. Kilo 4.5 hizo ni sawa na kilo 10 za urea, au kilo 17 za CAN (kalsiamu amonia naitreti), au kilo 21 za SA (salfeti ya amonia), au kilo 29 za kalsiamu naitreti. Bei ya polo, kwa hiyo, haisemi chochote mpaka igawanywe kwa nitrojeni iliyomo.

Katika kilele cha kuzaa, kitalu hicho hutumia karibu gramu 85 za nitrojeni kwa siku wakati wa jua. Kwa urea ni gramu 185 tu, zilizoyeyushwa katika lita 600 za maji ya siku hiyo wakati wa kaskazi. Wengi nikiwaonyesha kiganja kimoja na nusu cha urea na kuwaambia kwamba hicho ndicho chakula cha mitango 240, huwa hawaamini.

Urea

Ina asilimia 46 ya nitrojeni, na kwa kila shilingi inayotolewa mara nyingi ndiyo inayotoa nitrojeni nyingi kuliko nyingine. Huyeyuka vizuri; anayeikoroga huona ndoo imekuwa baridi ghafla mkononi, na hiyo ndiyo tabia yake. Haiwi chakula papo hapo. Lazima kwanza igeuke amonia, kisha nitrati, na katika udongo wetu wenye joto hatua ya kwanza huchukua siku chache, ya pili wiki moja hadi tatu. Inayomwagwa juu ya udongo wenye chokaa bila kufukiwa wala kumwagiliwa hupotea hewani ikiwa gesi ya amonia, na katika kitalu kilichofungwa hewa hiyo huunguza majani. Hufaa kinongo (udongo wenye kina) na udongo mwekundu wa vilima vya Pemba, ikipitishwa kwenye matone kidogo kidogo. Wakati wa masika ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu athari yake huchelewa: unaiweka siku ya jua, inaamka siku ya mawingu.

SA nitaiweka hapa pembeni. Ina asilimia 21 ya nitrojeni pamoja na salfa, na huongeza uchachu wa udongo, jambo ambalo ni faida kwenye ardhi ya maweni na hasara kwenye kinongo kilichokwisha kuchoka. Ina chumvi nyingi kwa kila kilo ya nitrojeni, kwa hiyo haiendani na maji ya kisima chenye ladha.

CAN na kalsiamu naitreti

Hizi zina nitrati, ambayo mmea huichukua siku ile ile. CAN ina asilimia 26 au 27, nusu yake ikiwa nitrati na nusu amonia, lakini ina vumbi la chokaa lisiloyeyuka ambalo huziba matone. Ifukiwe kwenye udongo pembeni mwa shina, isiingizwe kwenye pipa la mipira. Kalsiamu naitreti ina asilimia 15.5 ya nitrojeni na asilimia 19 ya kalsiamu, huyeyuka yote, na haiufanyi udongo kuwa mchachu. Kwa msimu wa mawingu ndiyo inayotawalika: leo umeona jua, unaipa, kesho mvua imefunga, unaiacha, na haina deni linaloiva baadaye.

Udhaifu wa kalsiamu naitreti ni wa namna tatu. Bei yake kwa kila kilo ya nitrojeni ni kubwa. Huhama upesi na maji, kwa hiyo kwenye kichanga anayemwagilia kupita kiasi hupoteza alicholipia. Na hunyonya unyevu wa hewa yetu: mfuko uliofunguliwa jioni bila kufungwa tena huwa uji asubuhi. Kuna na sharti ambalo halivunjwi bila gharama: isichanganywe katika pipa moja na mbolea yenye salfa au fosfeti, kwani hugandamana kuwa unga mweupe na kuziba kila tone.

Kwa mwenye ardhi ya maweni nina neno la ziada. Udongo wake na maji yake tayari yana kalsiamu tele. Akinunua kalsiamu naitreti, ajue kwamba anailipia kwa ajili ya ile nitrati tu, na potasiamu naitreti, yenye asilimia 13 ya nitrojeni pamoja na potasiamu nyingi, huenda ikamfaa zaidi kuanzia matunda yanapoanza.

Samadi na mboji

Samadi ya ng'ombe iliyoiva huachia nitrojeni taratibu, na ndani ya msimu mmoja huenda isitoe zaidi ya theluthi moja ya iliyomo. Kilo 300 katika kitalu chetu cha mfano, yaani kilo mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, zitatoa kadiri ya kilo moja ya nitrojeni. Haitoshi peke yake kwa tani moja ya matango. Lakini kwenye kichanga hushika maji na kushika mbolea nyingine isihame, na udongo wenye uhai husaidia pia kupunguza makali ya minyoo fundo, ile inayotia vinundu kwenye mizizi, ambayo ni balaa la kila anayerudia matango mahali pale pale.

Samadi ya kuku ina nguvu zaidi na huachia haraka zaidi, lakini ina chumvi, na ikiingizwa mbichi hutoa amonia inayochoma miche. Miezi miwili hadi mitatu ya kuozesha, ikigeuzwa na kufunikwa isinyeshewe na mvua, haina njia ya mkato. Mwani ambao baadhi ya wenzetu wa pwani huuozesha na kuuweka shambani ni chanzo cha potasiamu kuliko nitrojeni, na uoshwe chumvi kwanza.

Kuusoma mmea

Vipimo vyote hivi ni vya kuanzia. Jani la chini likigeuka manjano yote kwa pamoja, likaanzia kwa wazee na kupanda juu, na matango yakawa mafupi, yamepauka na kuchongoka nchani, nitrojeni imepungua. Tango likiwa jembamba upande wa kikonyo na likavimba nchani kama tungi, mara nyingi ni potasiamu inayokosekana, na kuongeza urea hapo ni kuongeza tatizo. Jani la kijani cha kiza lililojikunja chini, shina nene, maua machache: punguza.

Nini kwa hali ipi

Anayelima kwa mara ya kwanza, popote alipo, aanze Juni, atangulize samadi iliyoiva kwenye matuta, kisha atumie urea kidogo kidogo kwenye matone kila siku ya jua. Akishindwa, hasara yake itakuwa ndogo na atajua sababu.

Mwenye kichanga na maji baridi aepuke kutegemea nitrati pekee hadi ameweka samadi misimu miwili mitatu, na agawe maji mara nyingi kwa kiasi kidogo.

Mwenye kisima kinachopanda chumvi asizae Februari kama hana tangi la maji ya mvua. Azae Agosti, atumie urea au potasiamu naitreti badala ya SA, na kila wiki mbili apitishe maji matupu kwa wingi kuisukuma chumvi chini.

Mwenye mkataba na hoteli huhitaji mfululizo kuliko wingi. Kwake nusu ya kitalu isiwe ya umri sawa na nusu nyingine. Asie kila baada ya wiki nne au tano, na aweke kalsiamu naitreti akiba ya siku za mawingu hata kama urea ndiyo chakula chake cha kawaida. Aprili na Mei aulize kwanza kama hoteli itakuwa wazi.

Anayeuza Chake Chake, Wete au Konde bila hoteli karibu atazame zaidi masika, wakati bustani za nje zimelala, lakini aingie na mimea michache, nafasi pana kati ya shina na shina, nitrojeni iliyopunguzwa kwa theluthi, na majani ya chini yaliyopogolewa ili hewa ipite.

Na anayelenga Ramadhani asitazame msimu uliompa faida mwaka jana, kwa sababu mwezi huo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka na utapita katika misimu yote. Ahesabu kwa mwezi mwandamo: mbegu iliyosiwa katikati ya Rajabu huwa inachumwa Ramadhani inapoandama. Akiangukia kaskazi asie siku tatu baadaye na aizimue mbolea. Akiangukia kipupwe asie siku tano mapema na asiikoleze kwa haraka ya kutaka kuiwahi futari, kwani siku ulizozipoteza mtango mwanzoni hazirudishwi na urea.